Kumbukumbu ya mradi: kutoka shamba la minazi hadi Kilimia

Ninachotengeneza ni jedwali la kompyuta. Unaingiza kipimo cha shamba kama watu wa Malindi wanavyokitaja, iwe shibiri, mkono, pima au ekari, nalo linakurudishia umbali kwa vipimo vya wanaastronomia. Faida ya pesa haina. Wapwa zangu wanaosoma sekondari wameanza kulitumia kutaniana, na hilo linanitosha kwa sasa.

Safu za urefu zilikwisha mapema. Shibiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Kwa vile wari ilikuja kulinganishwa na yadi, mkono nimeuweka inchi 18, yaani sentimita 45.72, na pima futi sita, mita 1.8288. Upande wa angani kipo kizio cha astronomia, kilichotokana na umbali wa Dunia na Jua. Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikifunga kwenye mita 149,597,870,700 kamili. Ukigawanya unapata pima bilioni 81.8. Mwaka wa nuru, umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja, ni vizio 63,241, na paseki, kipimo kingine cha umbali wa nyota nitakachokieleza mbele, ni vizio 206,265. Hapo hakuna cha kuumiza kichwa.

Kazi ilikuwa kwenye ekari. Ekari ni eneo, na umbali wa nyota ni urefu, kwa hiyo huwezi kugawanya moja kwa jingine hivi hivi. Kuna anayeweza kusema chukua kipeuo cha pili, ufanye ekari kuwa mraba, usome upande mmoja: mita 63.6. Mimi sikuipenda njia hiyo, kwa sababu shamba la ekari nne linaonekana refu mara mbili tu ya shamba la ekari moja, na mkulima yeyote atakucheka. Njia niliyoishika ni ya mkeka. Mkeka hushonwa kwa ukili, ukanda mwembamba wa majani yaliyosukwa, na ukiufumua unarudi kuwa ukili mrefu. Basi na shamba nalifumua: nalikata ukili wa upana wa mkono mmoja, nauunganisha ncha kwa ncha, kisha napima urefu.

Hesabu ilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Ekari ina futi za mraba 43,560, na mkono wa mraba ni futi za mraba 2.25, kwa hiyo ekari ni mikono ya mraba 19,360 bila baki. Ukili wake unakwenda mikono 19,360, kilomita 8.85. Kufika Mwezini, kwa wastani wa kilomita 384,400, unahitaji kufumua ekari 43,400 hivi. Kufika Juani, ekari milioni 16.9.

Mjomba wangu, mwenye shamba ninalolifanyia majaribio, hakutaka kusikia habari za ekari. "Ekari ni za makaratasi," aliniambia. "Uliza shamba lina minazi mingapi." Na kweli, Pwani hii mtu anaweza kumiliki minazi kwenye ardhi ya mwenziwe, na shamba likatajwa kwa idadi ya miti. Basi nikampa safu yake. Minazi yake imepandwa pima tano tano, hivyo kila mti una mikono 20 kwa 20, mikono ya mraba 400. Ukifumua, mnazi mmoja unatoa ukili wa pima 100 kamili. Safu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mtu anaweza kuhesabu kichwani: Jua liko pima bilioni 81.8, basi ni minazi milioni 818. Mjomba aliuliza nani ataiangua.

Viwanja vya kuuza nimevipa mstari wao pia. Kile kinachoitwa thumuni ya ekari, futi 50 kwa 100, kina futi za mraba 5,000, wakati thumuni halisi ni 5,445. Kwa ukili, mnunuzi anapungukiwa na mikono 198, karibu mita 90. Sisemi zaidi.

Baada ya hapo nikataka kujua ukili unaweza kufika wapi ukipewa ardhi ya kutosha. Kenya nzima ina kilomita za mraba zipatazo 580,000. Ifumue yote, kuanzia Turkana hadi Vanga, na maziwa yake ndani. Ukili unafika vizio 8.5 vya astronomia: ukianzia Juani, umeipita Mshtarii, iliyo kwenye 5.2, lakini Zohali kwenye 9.5 hujaifikia. Nuru yenyewe ingechukua kama saa moja na dakika kumi kuupitia kutoka ncha hadi ncha. Nilifurahi, nikadhani nikiongeza nchi nyingine kadhaa nitaingia kwenye miaka ya nuru. Basi nikaingiza nchi kavu yote ya dunia, kilomita za mraba milioni 149. Jibu: vizio 2,180 hivi, mwendo wa nuru wa siku kumi na mbili na nusu. Nikapunguza upana wa ukili. Dhiraa ya Waarabu, yaani mkono wao, ilihesabiwa vidole 24, basi nikaukata kwa upana wa kidole kimoja. Mabara yote, jangwa la Sahara na barafu ya Antaktika ndani yake, yanatoa siku za nuru 302. Hata mwaka haujatimia, na nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.24.

Kuanzia hapo safu ya miaka ya nuru kwenye jedwali la ekari nimeiacha kwa ajili ya mzaha tu.

Jambo la tarakimu lilinichukua muda. Kompyuta ikigawanya inakumwagia tarakimu kumi na tano, na jicho linaziamini zote. Lakini mkono wa mjomba, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita 48. Wa kwenye jedwali ni 45.72. Tofauti ni asilimia tano, nayo hubaki asilimia tano ukipima ua au ukipima njia ya kwenda Juani, haikui kwa sababu ya umbali. Kwenye eneo ndiko inakuwa mbaya, kwani mkono unazidishwa kwa mkono na tofauti inakaribia kumi. Nimelazimisha jedwali kuonyesha tarakimu tatu tu. Anayetaka bilioni 81.8 iendelee hadi mita ya mwisho, alete kwanza mkono usiobadilika.

Sehemu niliyoifanya nje ya kompyuta ni ya pembe, na hapa ndipo shamba na anga vinakutana bila kufumua chochote. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa isba, upana wa kidole mkono ukiwa umenyooshwa. Duara zima lilihesabiwa isba 224, hivyo kidole kimoja ni digrii 1.6. Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwaka 1498 kwenda Calicut, India, alipewa hapa rubani aliyeijua njia, na elimu ya kupima nyota kwa vidole ilikuwa imekwishaenea bahari hii.

Kwa pembe ya kidole kimoja, umbali ni kama mara 36 ya msingi. Shambani nilitandika kamba ya pima kumi, nikasimama ncha moja ambapo mnazi wa mpakani unaangukia juu ya mnara wa simu ulio mbali sana. Nikaenda ncha ya pili: mnazi umehama vidole vinne kutoka kwenye mnara. Kumi mara 36, gawanya kwa nne, pima 90. Tukaivuta kamba, mjomba akishika mwanzo wake, tukapata 94. Kwa kidole na jicho moja lililofumbwa, siyo mbaya.

Paseki ni hesabu hiyo hiyo. Msingi ni kizio kimoja cha astronomia badala ya kamba ya pima kumi, na nyota huhama sekunde moja ya pembe, ambapo digrii moja ina sekunde 3,600. Kidole cha nahodha kina sekunde 5,786. Nyota ya kwanza kupimwa hivi na umbali wake kutangazwa ilikuwa 61 Cygni, kazi ya mwanaastronomia Friedrich Bessel mwaka 1838. Aliona kuhama kwa theluthi ya sekunde hivi. Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wetu walilitazama kujua majira ya mvua, kiko miaka ya nuru kama 440. Kuhama kwake ni sehemu moja ya kidole kilichogawanywa karibu mara laki nane.

Mstari wa mwisho ulioingia wiki hii ni wa nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya astronomia ya eksirei. Ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 500 na zaidi, ambacho ni ukili wa ekari kama sitini. Mjomba hajaamini bado. Kutoka kimo hicho ilichunguza Cygnus X-1, ambako sasa tunajua lipo shimo jeusi, miaka ya nuru kama 7,200 kutoka hapa.

Kilichobaki ni safu ya isba, ili mtu aingize vidole na pima za msingi apate umbali moja kwa moja, na kubadilisha kamba. Hii ya katani hunywea ikilowa umande, na msingi wa pima kumi unapungua asubuhi. Nimeagiza ya nailoni kwa wavuvi.