Mtu wa Bluu

Binti yangu karudi shule na wimbo wa rangi wa Kiayalandi. Dearg nyekundu, buí njano, glas kijani... Alipofika gorm akavuta sweta yake ya bluu, nami nikaangua kicheko.

"Baba, unacheka nini?"

Nikamwambia ale kwanza, ugali unapoa.

Ilikuwa Conamara, magharibi mwa Ayalandi, baridi yangu ya kwanza. Nilifuatana na mfanyakazi mwenzangu kwenda kumsalimu mama yake, njiani akanituma maziwa. Dukani walikuwamo vikongwe wawili, mmoja nyuma ya kaunta, mwingine na mkongojo wake, na moshi wa ule udongo wa bwawani wanaoukausha na kuuchoma badala ya kuni. Nikatoa salamu pekee niliyoijua: Dia dhuit. Kimya. Wa mkongojo akamwambia mwenzake, wala hakunong'ona: fear gorm.

Fear ni mwanamume, hilo nilishalijua; wingi wake, fir, umeandikwa kwenye milango ya vyoo. Gorm nilifundishwa wiki ileile: bluu. Nikaitazama mikono yangu juu ya kaunta. Sikuwa nimepaka mafuta, upepo wa bahari ulikuwa umeipausha kama niliyetoka kuzoa majivu. Bluu sikuiona. Mwenye duka akanipa chenji, kisha akaishika ile mikono akaisugua, taratibu, kama anayemkausha mtoto aliyenyeshewa. "Fuar," akasema. Baridi.

Garini mwenzangu masikio yalimwiva. Dubh ndiyo nyeusi, akaeleza, lakini fear dubh ni mtu wa nywele nyeusi, au Ibilisi mwenyewe. Kwa hiyo sisi watu weusi tukapewa gorm, nayo zamani haikuishia kwenye bluu: ilikuwa rangi ya giza inayong'aa, na washairi waliwasifia nayo mashujaa. Neno ndugu yake katika Kiwelisi, lugha ya Wales, ni gwrm: weusiweusi. Hata mateka ambao Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliwaleta Ayalandi kutoka Afrika Kaskazini karne ya 9, kumbukumbu za kale zinawaita fir gorma.

Nami nikamweleza kwamba kwetu kuna watu rangi yao ni maji ya kunde. Akanyamaza mpaka kwa mama yake.

Nilitukanwa au nilisifiwa? Sijui. Viganja vile vilikuwa vya moto.

"Kwa hiyo na mimi ni gorm?" binti akauliza, akaulaza mkono juu ya sweta, akaukagua. "Hazifanani," akasema, akavuta sahani ya mchicha.

Mchicha nao, kwa Kiayalandi, ni glas. Farasi wa kijivu pia. Hilo nimemwachia mwalimu wake.