Saa 11 jioni: nilivyopata kikundi cha kuacha pombe

Kazi yangu ni kushona, na mikono ndiyo iliyonisema. Asubuhi kabla sijanywa, uzi ulikuwa hauingii kwenye tundu la sindano. Naulowesha mdomoni, naukunja ncha, nalenga, unapita pembeni, na mteja amekaa kwenye benchi ananitazama. Nikipiga lita moja ya komoni, pombe yetu ya kienyeji ya nafaka, mkono unatulia. Hapo nilijua kwamba starehe ilishakwisha zamani.

Nimekulia kwenye pombe. Mama alitusomesha kwa komoni na simlaumu hata kidogo. Wanawake wengi wa Iringa wamejenga nyumba kwa pipa hilo. Msimu wa mvua ukifika na ulanzi, pombe ya mianzi, ukaanza kutiririka, mgeni anakaribishwa kwa ulanzi. Ukiishi hivyo, unachelewa sana kujiona mgonjwa.

Dada yangu anayeishi Mbeya ndiye aliyenichukua, akanipeleka kwanza zahanati, na jambo hili naliomba kwa kila anayesoma. Muuguzi aliniuliza nakunywa kiasi gani na tangu lini, kisha akanikataza kukata pombe ghafla nikiwa peke yangu. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa unaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege. Walinipa dawa na vitamini B1, na dada akawa ananiangalia usiku na mchana.

Kikundi cha kwanza nilikipata hukohuko Mbeya. Walifuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous (AA), ule ulioanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja daktari wa upasuaji. Hakuna ada wala fomu. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha kunywa. Mtu akisema yake, hakuna anayemkatiza wala kumpa mawaidha. Wanamshukuru, anaongea mwingine. Nilipenda sana. Lakini nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili, na siku ya pili mmoja alinifuata hadi stendi ya Kabwe akidai namba yangu. Sikurudi. Leo ningeuliza mapema kama kuna wanawake, na kama mkutano uko wazi kwa ndugu na wageni au ni wa wenye tatizo wenyewe.

Niliporudi Iringa nilijiunga na kikundi cha maombi. Nasali mpaka leo, na wale watu walinipenda kweli. Ila wiki ya pili tu nilisimamishwa mbele kushuhudia kwamba nimepona. Wiki ya tatu nikanywa. Ningerudi vipi mbele ya watu walionipigia vigelegele? Halafu ibada ilikuwa Jumapili asubuhi, na kiu yangu ilikuwa na saa yake: saa 11 jioni, nikifunga fremu yangu Mlandege, maana njia ya nyumbani inapita vilabu viwili. Asubuhi sikuwa na vita. Vita vilikuwa jioni.

Aliyeniokoa ni mteja. Alileta kitenge cha kushona, akanitazama nikihangaika na sindano, akainama akasema taratibu, "Dada, mikono hiyo naifahamu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo." Jumatano akanipitia. Darasa la shule, madawati ya watoto, watu tisa, wanawake watatu. Jumatano na Jumamosi, saa 11 jioni.

Huyo mama ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kumpigia simu. Si lazima nimweleze kitu. Nikisema tu "nimefika kona," anajua ni kona ipi, tunaongea hadi nipite.

Siku ya 41 nilianguka. Ulikuwa msiba, Kilolo, mvua inanyesha, ulanzi umejaa, nikanywa siku mbili. Jumatano nilifika pale shuleni nikasimama nje ukutani, siwezi kuingia wala kuondoka. Mzee anayeongoza, mwalimu mstaafu, alitoka kumwaga maji akaniona. "Kamwene, mwanangu. Ingia, baridi hiyo." Basi. Zamu yangu ilipofika nikasema leo ni siku yangu ya kwanza tena. Wakanishukuru, kwa sauti ileile waliyotumia nilipotaja siku ya 40. Nililia hadi kitambaa kikalowa, na nikajua nimefika.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta, usikipime kikundi kwa siku moja, kipe angalau tatu. Tazama saa yake na saa ya kiu yako. Tazama pia wanampokeaje aliyeanguka, kabla hujaanguka wewe. Kama huko uliko hakuna, AA wana mikutano kwa simu na mtandao, ingawa mingi ni ya Kiingereza. Na ndugu wa mlevi wana ya kwao, Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951. Dada yangu anaifuatilia, na amepunguza kuninusa nikiingia kwake.

Mama bado anapika komoni, ndiyo kazi yake. Tumekubaliana niende kumsalimia asubuhi, kabla haijachujwa. Nikifika nakuta pipa limefunikwa kwa gunia, na jikoni amebandika chai yangu.