Kaunta buku la waliokwama

Masomo yetu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, yalianza kama faili la Word la kurasa arobaini hivi, nililoandika usiku baada ya kufunga duka pale Mwanga, Kigoma. Mchana mimi ni fundi wa kompyuta na simu. Jioni, mara tatu kwa wiki, nafundisha vijana kuandika programu kwenye maabara ya shule niliyoazimwa hapa Kigoma mjini. Nilipomaliza ukurasa wa arobaini nilijiona nimemaliza kazi.

Siku ya kwanza darasani wakanakili mfano wa kwanza kutoka kwenye faili langu, wakaubandika, wakabonyeza. Nyekundu tupu, darasa zima. Nikakagua herufi moja moja, kosa silioni. Nilihangaika karibu nusu saa mbele ya watu kumi na wanne ndipo nikashtuka: Word ilikuwa imezipinda alama za nukuu ili zipendeze. Kwa macho yetu alama iliyopinda na iliyonyooka ni kitu kilekile. Kwa Python iliyopinda ni takataka. Usiku uleule nikahamisha kila kitu kwenye maandishi matupu ya Markdown, na tangu siku hiyo msimbo wangu, yaani maandishi ya programu, haupiti kwenye Word hata kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo kuyaweka masomo kwenye Git haikuwa kazi. Git aliitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kutunzia msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Inakumbuka kila mstari uliobadilika, nani kaubadilisha na lini. Nikayaweka hadharani GitHub, tovuti ya kuwekea kazi za Git, nikakaa kusubiri watu waje kurekebisha. Miezi minne hakuja mtu. Ukifikiria, angekuja nani? Wanafunzi wangu akaunti hawana, bando la kuchezea hawana, na hata wangekuwa nalo, kijana gani anaanza kutangaza mbele ya dunia nzima kwamba somo la mwalimu wake hajalielewa?

Nikanunua kaunta buku. Nikalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mbele, na kalamu nikaifunga pia, maana kalamu za darasani zina miguu. Sheria ikawa moja: ukikwama zaidi ya dakika tano, andika namba ya somo, ulichoandika, ulichotegemea kukiona na ulichokiona. Jina si lazima.

Wiki ya kwanza zilijaa kurasa tatu. Mmoja aliandika: "Somo la 2. Nimeweka bei 500 na 700, inaniambia 500700. Kwa hesabu hii mama angekuwa tajiri." Chini yake miandiko mingine minne: "Na mimi." "Mimi pia." Ni kwamba input(), amri inayopokea unachobonyeza, inarudisha maandishi hata ukibonyeza tarakimu, na maandishi ukiyajumlisha yanaungana tu. Nilikuwa nimelieleza hilo, lakini somo la tano! Sasa somo la pili linaanza na hiyo 500700 yenyewe. Unaiona kwanza, unacheka, ndipo int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, inaletwa.

Mwingine: "print('mbuzi') imekubali, print('ng'ombe') imekataa. Kwani ng'ombe kafanya nini?" Kile kikoma cha ng'ombe Python inakidhani ni nukuu ya kufunga. Hilo lilinichukua dakika moja kurekebisha. Tangu somo la kwanza tunatumia nukuu mbili, na ng'ombe amebaki kwenye zoezi kama kumbukumbu.

Lililonila muda ni dumu la mawese. Kigeu, yaani jina unaloliita kitu kwenye programu, nilikuwa nimekieleza kama dumu lenye jina ubavuni: kilichomo ndani kinabadilika, jina linabaki. Hapa kwetu nani hajui dumu la mawese? Mfano ulikwenda vizuri hadi tulipofika kwenye orodha. Siku hiyo nikakuta hii:

asubuhi = [12, 9, 15]
jioni = asubuhi
jioni.append(20)

"Nimeongeza kwenye jioni tu. Mbona asubuhi nayo ina 20? Dumu limevuja?"

Dumu lilikuwa zima, mfano ndio ulikuwa mbovu. Kwenye Python jina si chombo. Ile orodha ni moja, na asubuhi na jioni ni majina yake mawili. Nikachora mishale ubaoni, nikaona macho yanazidi kuwa mazito. Binti mmoja wa Ujiji akanyoosha mkono. "Mwalimu, si kama mama? Nyumbani tunamwita Mama Mkubwa, sokoni wanamwita Bi Mchele. Ukimnywesha soda Mama Mkubwa, Bi Mchele anabakije na kiu?"

Darasa likaelewa papo hapo. Mimi nikarudi nyumbani na kazi ya usiku tatu, kwa sababu dumu lilikuwa limetapakaa somo la kwanza, la pili, la sita na kwenye mazoezi. Nililifuta lote. Git inatofautisha mwandishi wa badiliko na mtu aliyeliingiza, hivyo badiliko lile liliingia kwa mkono wangu lakini mwandishi, kwa ridhaa yake, ni yule binti. Alipooneshwa jina lake kwenye skrini aliniuliza kama litafutika. Nikamwambia halifutiki kirahisi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vijana watatu wa mwalo wa Kibirizi waliingia darasani. Hawakuwa na pa kwenda usiku. Somo la nane lilikuwa na jedwali la kilo za dagaa za siku thelathini, namba nilizozitunga mwenyewe nikajisifu kwamba nimetumia mfano wa nyumbani. Mmoja wao akaandika kwa herufi kubwa: "HIZI NAMBA ZA UONGO. MBALAMWEZI HATUVUI." Na ni kweli. Dagaa wanavutwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Nimezaliwa hapa, na nilikuwa nimejaza dagaa tele kwenye usiku wa mwezi mpevu.

Tukaweka sifuri kwenye siku zile. Mara programu ikaanguka kwa ZeroDivisionError, kosa la kugawanya kwa sifuri, kwa sababu mstari mmoja ulikuwa unagawanya gharama za mafuta kwa kilo za siku. Nilitamani kuliziba shimo kimyakimya. Nikaacha. Sasa hilo ndilo somo lenyewe: siku isiyo na mavuno, programu yako inasema nini? Ni somo zuri kuliko yote kumi na mawili, na mimi sikulibuni.

Kuhusu mashine nitasema kwa ufupi, ingawa zimenitoa jasho. Kompyuta za maabara zilikuwa za Windows 7, na Python toleo la 3.8 ndiyo ya mwisho inayoikubali, 3.9 iliyotoka mwaka 2020 haisakinishwi humo. Msaidizi wetu wa kwanza wa nje, kaka mmoja wa Dar es Salaam, alituletea somo safi la maamuzi akitumia match, amri ya kuchagua la kufanya, ambayo imeingia Python kwenye 3.10. Kwake ilikimbia, kwetu ikagoma. "Kaka, 3.8 hadi leo?" akaniuliza. Nikapiga picha maabara, nikamtumia. Akaliandika upya kwa if na elif, amri za zamani za kuamua, hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo hakuna somo linalotoka kabla mifano yake haijakimbizwa kwenye laptopu kuukuu kuliko zote niliyonayo dukani. Natumia doctest, inayokuja na Python yenyewe: unaipa faili la somo, inatafuta mifano iliyoandikwa kwa alama ya >>>, inaikimbiza, inalinganisha jibu na ulichoandika chini yake. Mtego mmoja ulinipotezea jioni nzima. Kwenye Markdown usipoacha mstari mtupu kabla ya zile alama tatu za kufungia msimbo, doctest inadhani nazo ni sehemu ya jibu, inakwambia somo zima ni bovu. Acha mstari mtupu, ulale. Nusu ya mashine nimeshazihamishia Linux, maana 3.8 ilikoma kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2024. Nusu nyingine inasubiri wakati na diski.

Halafu kuna suala la stesheneri. Nilikuta masomo yangu yamebanwa pini, yanauzwa kwenye duka moja la fotokopi, bila jina langu wala jina la mtu. Damu ilichemka. Lakini leseni niliichagua mwenyewe, Creative Commons ile ya kutaja chanzo na kushiriki kwa masharti yaleyale, na hiyo hairuhusu kunakili tu, inaruhusu hata kuuza. Nikaenda kwa upole.

"Shikamoo mzee. Kuuza ni ruksa kabisa. Ila ukurasa wa kwanza haumo."

"Marahaba. Ule wa maneno ya sheria?" akasema. "Mteja atalipia karatasi isiyo na somo?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nikaufuta ule ukurasa, maneno yake nikayabana yakawa mstari mmoja, nikauweka chini ya kila ukurasa: masomo yametoka wapi, leseni gani, toleo la tarehe ngapi. Ukitaka kuuondoa sasa uwe na mkasi na muda. Yule mzee ananakili toleo jipya bila kinyongo, na chenji ananirudishia kamili.

Zile nakala za zamani hata hivyo zilishasambaa. Wiki iliyopita kanipigia mwalimu mmoja wa Kasulu, sijawahi kuonana naye, anafundisha vijana wake kwa karatasi zetu. Wamekwama kwenye orodha, dumu linavuja.

"Hebu nisomee tarehe iliyo chini ya ukurasa," nikamwambia.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. "Mwalimu, hapa chini hapana kitu."

Intaneti kwake ni ya kubahatisha, lakini Git ina amri inayoitwa bundle, inayofunga masomo yote na historia yake kwenye faili moja. Nikalitia kwenye flashi niliyokwisha kuisafisha virusi, nikaifunga kwa bahasha pamoja na kaunta buku jipya, nikampa kondakta wa basi la asubuhi.