Nilivyompata fundi baiskeli wa kunifundishia fizikia

Anayekwambia uandike barua rasmi ili kiwanda kiwapokee wanafunzi wako, muulize yeye alijibiwa lini. Mimi niliandika, nikagonga na mhuri. Mlinzi wa getini tumezoeana mpaka tunaulizana hali za watoto. Ndani sijatia mguu hadi leo.

Nikahamia kwa mafundi baiskeli wa mtaa wa Ngamiani. Tanga ni tambarare, baiskeli zimejaa, mafundi hawakosekani. Mzee niliyemtaka alinikatalia hapo hapo: "Mwalimu, watoto watanipotezea spana."

Sikubishana. Nikaagiza kahawa, nikamwambia: mzee wangu, nionyeshe baiskeli yoyote, nitakutajia pedeli ikizunguka mara moja itakwenda umbali gani, na sitaipanda. Akacheka mpaka akashika kofia. Akaniletea ya kwake. Nikahesabu meno: gia ya mbele 44, ya nyuma 18. Ukigawanya, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu lenyewe la inchi 28, mzunguko wake mita 2 na robo kasoro kidogo. Nikasema kwa sauti, wanywa kahawa wote wasikie: mita 5 na nusu, haifiki! Tukapiga chaki chini, tukaisukuma, tukaazima futi kwa seremala wa jirani. Mita 5 na sentimita 40 na ushei. Baraza zima likanyanyuka, kila mtu anataka yake ipimwe. Mzee akauliza, "Hao watoto unawaleta lini?"

Jumamosi wakaja, kidato cha tatu, kila mmoja na baiskeli mbovu ya kwao. Hiyo ndiyo siri: usimpelekee fundi bahasha, mpelekee kazi. Vipuri walilipa wazazi, mimi nilitoa chai na maandazi, hela isiyoumiza.

Mzee naye akanizidi ujanja. Rimu ikipinda, anazipiga spoku kwa kidole moja moja kama mpiga gambusi, anasikiliza. Iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokazwa nyembamba. Mkazo na sauti, mada niliyoihangaikia ubaoni muhula mzima, wakaishika kabla chai haijapoa.

Mzazi mmoja alikuja juu, ati mwanawe hakupelekwa shule awe fundi baiskeli. Nikamwachia mkuu wa shule amweleze habari za mtaala mpya na mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza 2024.

Sasa namwinda fundi friji wa Chumbageni. Huyo hanywi kahawa, sijui nimwingieje.