Ruhusa Isiyokuwa Yangu

Siku ya tatu tangu niwasili nyumbani Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya arusi ya binti wa kaka yangu, nilikuwa nimekaa uani nakuna nazi pamoja na wifi zangu pale Ami alipoingia akitoka msikitini. Aliitikia shikamoo zetu, akavuta kiti cha plastiki hadi kivulini, kisha akaniuliza bila utangulizi wowote: "Mwanangu, ni kweli huko unakokaa bangi inauzwa dukani, na mtu anapewa risiti?"

Nilimjibu kwamba ni kweli, risiti hutolewa, na kodi huandikwa juu yake. Jibu hilo lilitosha kumfanya mtoto wa kaka yangu, ambaye ana umri wa miaka 23 na hukosa kazi miezi mingi kuliko anayoipata, aache kufunga taa za arusi na kuja kusimama karibu yetu. Alikuwa na hoja zake tayari. Alisema suala hilo limekwisha kutajwa bungeni Dodoma. Kwamba Kenya, mwaka 2022, mgombea urais George Wajackoyah aliahidi hadharani kulipa madeni ya taifa kwa mauzo ya bangi. Na kwamba Umoja wa Mataifa nao umeifuta katika orodha ya dawa za kulevya. "Ulaya na Marekani wameruhusu, Shangazi. Sisi tunangoja nini?"

Nimeamua kuandika kwa sababu swali hilo nimeulizwa mara nyingi kila ninaporudi likizo, na kila mara neno "wameruhusu" hutamkwa kana kwamba ni mlango ambao ukishafunguliwa kila mtu hupita. Mimi ninaishi Aurora, ubavuni mwa mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, huu ukiwa mwaka wa kumi na moja. Nawahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kati ya nyumba ninayopanga na kituo ninapopandia basi kuna maduka mawili ya bangi, na sijawahi kuingia hata moja, si kwa uchamungu peke yake.

Kwanza niseme jinsi mambo yalivyokwenda, kwa maana habari hufika Tanga ikiwa imekatwa kichwa na mkia. Wananchi wa Colorado walipiga kura Novemba 2012, siku ileile ya uchaguzi wa rais, na takriban asilimia 55 wakakubali katiba ya jimbo lao irekebishwe ili mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi aweze kununua na kumiliki bangi kwa kipimo, ambacho mwanzoni kilikuwa aunsi moja, yaani karibu gramu 28. Maduka yalifunguliwa Januari 1, 2014. Hata hivyo, kila mji uliachiwa uamuzi wake: Denver iliyakubali, ilhali Colorado Springs, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari upande wa kusini, iliyakataa maduka ya starehe kwa zaidi ya miaka kumi. Kuvuta barabarani au bustanini ni kosa mpaka leo. Mwenye nyumba anaweza kumkataza mpangaji wake, na wanaoishi katika nyumba zinazogharimiwa na serikali kuu wanaweza kufukuzwa. Kwa hiyo, anayeweza kuvuta kwa amani kamili ni yule mwenye nyumba yake mwenyewe. Wifi yangu mkubwa aliposikia hayo alicheka akasema basi hata moshi unataka hati ya kiwanja.

Lakini hilo ni dogo. Jambo kubwa ni kwamba Marekani ina tabaka mbili za sheria, ya jimbo na ya serikali kuu ya shirikisho, na hizi mbili hazijapatana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza kuishusha hadi daraja la tatu, lakini hata daraja la tatu si ruhusa ya kuiuza kwa starehe. Ndiyo sababu benki nyingi zinaogopa fedha za maduka hayo, na wateja wengi wamezoea kulipa taslimu huku mlinzi akisimama mlangoni.

Nilipofika hapo niliona Ami amekunja uso, hakunielewa. Nikamwambia: "Ami, hii ni Horohoro na Lunga Lunga." Hapo alielewa papo hapo, kabla sijamaliza. Hivyo ni vituo viwili vya mpakani, cha kwetu na cha Kenya, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba kitita kimoja cha mirungi, kilichofungwa katika majani yaleyale ya mgomba, ni zao halali linalotambuliwa na sheria za kilimo upande wa Kenya, ila kikivuka geti kinakuwa dawa ya kulevya na aliyekibeba anakuwa mhalifu. Tofauti ya Colorado ni kwamba mpaka huo hauko barabarani. Umo ndani ya mtu. Raia wa Marekani anaweza kuishi maisha yake yote bila kuugusa, ila sisi wenye kadi ya ukaazi tunatembea nao, kwa kuwa mambo ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na mbele ya serikali kuu yale maduka mawili ya mtaani kwangu ni maduka ya kosa.

Kuna kijana mmoja wa Pwani, simtaji jina wala mji wake, aliyefika Denver akiwa na karatasi halali na akapata kazi katika ghala linalokuza bangi. Kazi yake ilikuwa kupogoa majani ili maua yabaki safi, saa nane kwa siku, akivaa glavu na kofia ya nywele kama mtu wa kiwandani. Mwajiri alikuwa na leseni ya jimbo, kodi ilikatwa kila malipo, na kijana mwenyewe, kwa alivyoapa kwangu, hakuwahi kuvuta. Alipotaka kuomba uraia alikwenda kwa wakili, naye wakili aliposoma orodha ya kazi zake aliiweka kalamu chini. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata pale inaporuhusiwa na jimbo, ikiwamo kufanya kazi katika biashara hiyo, kunaweza kumnyima mwombaji sifa ya kuwa na mwenendo mwema. Sifa hiyo kwa kawaida hupimwa kwa miaka mitano iliyotangulia maombi. Wakili akamshauri aache kazi, akae miaka mitano, kisha arudi. Nyaraka zile za malipo ya kodi, ambazo alizitunza kwa uaminifu akidhani zitamtetea, ndizo zilizokuwa ushahidi.

Simulizi hiyo ilimkasirisha mtoto wa kaka yangu kuliko ilivyomkasirisha mwenyewe aliyepatwa. "Sasa kosa lake ni lipi?" aliuliza. Sikuwa na jibu zaidi ya kwamba alichukua ruhusa iliyoandikiwa watu wengine.

Ami alikuwa na wasiwasi wa namna nyingine, naye alianza na dini, kwamba kila kilevi ni haramu. Kijana akamjibu kwa adabu, lakini bila kusita, kwamba bia nayo ni haramu na inalipa kodi Tanzania tangu kabla hajazaliwa. Ami alikaa kimya kidogo, akavuta kikombe chake cha kahawa, akasema, "Hilo umelisema kweli, ila makosa mawili hayajengi haki." Nawaheshimu wote wawili kwa namna walivyojadiliana, nimesikiliza wanasiasa wengi wakilizungumza jambo hili kwa kelele zaidi na fikra kidogo zaidi.

Nilimsahihisha kijana kuhusu Umoja wa Mataifa, kwa sababu habari hiyo hupotoshwa sana. Kilichotokea Desemba 2020 ni kwamba kamisheni inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi katika orodha ya nne ya Mkataba wa mwaka 1961, orodha ya vitu vilivyohesabiwa kuwa na madhara makubwa na manufaa haba kwa tiba. Katika orodha ya kwanza ya mkataba uleule imebaki. Mlango wa utafiti na tiba ulipanuliwa. Mlango wa duka haukuguswa. Na huyo Wajackoyah, pamoja na shangwe zote alizopata mitandaoni, aliambulia chini ya asilimia moja ya kura.

Hoja ya fedha ndiyo iliyotuweka uani mpaka nazi zikaisha. Ami alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya mkonge, na kwa mtu wa umri wake neno "zao la kuokoa uchumi" lina ladha yake maalumu. Mkonge uliletwa hapa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na Ami akashuhudia mashamba yakimezwa na vichaka. Nilipomweleza kwamba mauzo ya bangi Colorado yalifika takriban dola bilioni 2.2 mwaka 2021, macho ya kijana yaling'aa. Nilipoongeza kwamba tangu hapo yamekuwa yakishuka, kwa kuwa wakulima wamezidi, bei imeporomoka na majimbo jirani nayo yamefungua maduka yao, ni Ami aliyetikisa kichwa. Alikuwa ameshaiona filamu hiyo, kwa zao jingine. Sikatai kwamba kodi ilifanya kazi ya maana: sehemu ya kodi hiyo imejenga na kukarabati shule za Colorado. Nakataa tu hesabu ya wanaochukua mapato ya mwaka wa neema na kuyafanya ahadi ya kila mwaka.

Kijana alirukia katani ya bangi, ile isiyolewesha, akisema mkoa wenye mazoea ya nyuzi kama Tanga ungeweza kuilima. Hapo nilimpa haki yake, kwa kuwa Marekani yenyewe iliruhusu kilimo hicho nchi nzima mwaka 2018, mradi THC, kemikali inayolewesha, isizidi asilimia 0.3. Mjadala wa nyuzi na mjadala wa kuvuta ni mijadala miwili, na kwa maoni yangu wanasiasa wetu wanaoichanganya wanafanya hivyo makusudi, wengine ili watishe na wengine ili wapendwe.

Kuhusu afya nitasema machache, kwani mimi si daktari. Nimemhudumia bibi mmoja ambaye hupata usingizi kwa matone ya mafuta ya bangi baada ya miaka ya maumivu, na nimemwona kijana aliyeletwa akitapika kwa siku kadhaa kwa sababu ya kuvuta kila siku. Watoto wadogo walikuwa wakila peremende za wazazi wao bila kujua zina nini, hata jimbo likapiga marufuku, kuanzia Oktoba 2017, peremende zenye maumbo ya wanyama na matunda. Sheria ilibidi irekebishwe mara kwa mara baada ya madhara kuonekana. Nchi itakayoiga ijiulize kama ina wakaguzi wa kufanya kazi hiyo.

Lakini fikra zangu zilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtoto wa jirani yetu yuko gerezani kwa kete chache za bangi alizokutwa nazo kijiweni, na mama yake alikuja kutusaidia kupika pilau ya arusi bila kulitaja jina lake. Hapa nyumbani magazeti hayakosi habari ya mtu aliyehukumiwa miaka 30 kwa bangi. Ninapotazama Afrika ninaona Lesotho ikitoa leseni za bangi ya tiba tangu 2017 na Malawi ikipitisha sheria yake mwaka 2020, na katika nchi zote mbili leseni ni kwa ajili ya tiba na viwanda, zinahitaji mtaji, maabara na uzio, vitu ambavyo mwenye robo eka mlimani hana. Afrika Kusini ilianzia upande mwingine: mahakama yake ya katiba, Septemba 2018, iliona kuwa mtu mzima anayeitumia faraghani asifanywe mhalifu. Njia ya Lesotho na Malawi inaanza na mwekezaji, ya Afrika Kusini inaanza na mtu aliyemo seli. Kama Dodoma watalijadili suala hili kwa dhati, ningependa waanze na huyo wa nyumba ya tatu, kabla ya kuuliza ada ya leseni itakuwa kiasi gani. Marekani wenyewe walijifunza kwa kuchelewa: uchunguzi wa chama cha haki za kiraia cha ACLU, uliotolewa 2013, ulionyesha kwamba watu weusi walikuwa wakikamatwa kwa kumiliki bangi karibu mara nne zaidi ya weupe, ingawa matumizi yao yalikaribiana.

Adhana ya magharibi ilikaribia, Ami akasimama akitafuta viatu vyake. Aliniuliza kama ningekuwa na kura ningeipeleka upande gani. Nilimwambia kwamba Colorado sina kura kwa sababu si raia, na hapa nyumbani ninayo lakini siwezi kuipiga nikiwa Aurora. Na siku nitakapopata uraia wa kule, kwa sheria yetu ya uraia mmoja, hii ya huku nitaipoteza.

"Na fomu yao ya uraia," akauliza kijana, "wanakuuliza habari za bangi?"

"Wananiuliza kama nimewahi kuuza au kusafirisha dawa za kulevya," nilimjibu. "Nitaijaza nikirudi, mwezi ujao."

Ami alinitazama, kisha akaitazama mbuzi ya nazi iliyokuwa mapajani mwangu, akasema nisiibebe hata hiyo kwenye ndege, maana hajui wazungu wataiita nini.