Paka aliposhtakiwa kwa mjumbe

Kwetu aliitwa Sultani. Kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili aliitwa Kibutu, maana ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika. Bibi muuza vitumbua alimwita Mjukuu, na watoto wa nyumba ya kona walimwita Chui kwa sababu ya mabaka yake. Mwenyewe aliitikia majina yote, ilimradi kuwe na mtu anayeparua samaki.

Tulikaa Tanga, Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Zilikuwa nyumba za Kiswahili zilizobanana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko, choo na kisima. Siku hizi nikimsimulia mtu wa Dar kesi ya yule paka, swali lake la kwanza ni kwa nini hatukumfungia ndani. Huyo amezoea nyumba yenye dari, na mchanga wa paka unaouzwa dukani kwenye mfuko. Kwetu kuta za vyumba zilikoma usawa wa kenchi. Juu yake palikuwa na giza, buibui na bati. Unaweza kufunga mlango kwa komeo na kufuli, paka akapanda kabati, akashika ukuta, akapita juu ya vichwa vya wapangaji wote na kutokea upenuni. Usiku tulizisikia hatua zake, kisha kimya, kisha mlio mfupi wa panya. Unageukia upande wa pili, unalala.

Na panya walikuwepo. Ule ulikuwa msimu wa El Niño, mvua zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea mwaka ulipogeuka. Mitaro iliziba, mashimo ya vyoo yakafurika, na panya buku waliokuwa wakiishi huko chini wakahamia kwa binadamu. Walikula sabuni ya mche. Walitoboa gunia la mahindi kwa chini, ukilinyanyua linakumwagikia miguuni. Ramadhani iliingia mwaka ukigeuka, mvua hazijakatika, na fundi cherehani alikuwa na vitambaa vya Idd vya mtaa mzima vimerundikwa chumbani mwake hadi kiunoni. Mtu wa namna hiyo anamwona paka kuwa ni mlinzi wa ghala.

Nyuma yetu, ukuta kwa ukuta, alikaa mzee mstaafu wa reli ambaye sisi watoto tulimwita Babu Njiwa. Alikuwa na banda la mbao juu ya nguzo nne, na humo alifuga njiwa manga, wengi wao weupe wenye manyoya hadi vidoleni. Hakuwala. Mtu akiuguliwa na kuja kuomba njiwa wa supu, alimpa pesa akanunue kuku. Kila alasiri alitoka na kopo la mtama, akalitikisa, na wale ndege wakamshukia mabegani na kichwani juu ya kofia yake ya kiua. Nilipenda kumtazama kutoka juu ya ukuta wa choo chetu, ingawa mama alinikataza kupanda pale.

Alfajiri moja, baada ya daku, alikuta banda limefunguka kishubaka kimoja. Makinda mawili hayapo. Mama yao alikuwa chini, amebaki bawa na mguu mmoja mwekundu.

Hakusema neno kutwa nzima. Alikuja kwetu jua likikaribia kuzama, wakati ambao mtu aliyefunga hana nguvu za kugombana, na hilo najua alilipanga. Baba alikuwa barazani na tende zake kwenye kisahani akisubiri adhana. Sultani alikuwa amejikunja kwenye kiti cha kamba pembeni yake.

Babu alikunjua gazeti, akaliweka lile bawa juu ya sakafu ya baraza.

"Mzee mwenzangu, paka wako amekula njiwa wangu."

"Paka yupi?" baba akauliza.

"Huyo uliyekaa naye."

Baba aligeuka akamtazama Sultani kwa mshangao mkubwa, utadhani ndiyo kwanza anamwona.

"Huyu? Huyu ni paka shume, bwana. Anapita tu."

Huko uani mama alikuwa akikuna nazi. Nilisikia mbuzi ikinyamaza, kisha baada ya kitambo ikaanza tena.

Kesi ilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi usiku uleule baada ya tarawehe. Kwa sheria ya wakati ule, mambo ya mtaa yalikuwa ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mjumbe alikuwa amebaki na chama chake tangu vyama vingi vilipoingia mwaka 1992. Lakini kwa habari za kuku, maji machafu na wanawake waliorushiana maneno kisimani, watu waliendelea kwenda kwa mjumbe. Alikuwa karibu, na hakuwa na muhuri wa kulipiwa. Umeme ulikuwa umekatika, nikatumwa nibebe taa ya chemli na jamvi, ndiyo maana niliruhusiwa kukaa. Wanaume walikaa barazani. Wanawake walikaa ukumbini, nyuma ya pazia la mlango, na kila neno la barazani lilijibiwa huko ndani kwa miguno. Muuza kahawa alipoona watu, akatua dele lake.

Babu Njiwa alianza kwa mbali. Alisema kila mmoja pale amesimuliwa na bibi yake kisa cha sultani na paka wake. Paka alikula ndama, watu wakaenda kushtaki, sultani akasema paka wangu na ndama wangu. Akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Hadi siku alipokula watoto wa sultani mwenyewe, ndipo ikajulikana kuwa siye paka, ni nunda. "Yule sultani alikuwa mjinga," akasema, "lakini alisema paka wangu. Mimi jirani yangu hata hilo kashindwa."

Huko ndani mtu alicheka, akanyamazishwa.

Baba hakutikisika. Nani aliyemwona paka akifanya? Mvua zimeharibu mashamba, kanu na vicheche wameingia mjini, mbona hakuna anayewashtaki? Na hata akiwa ni paka, anakula kwa fundi, analala kwa bibi wa vitumbua, anakuja kwake kupunga upepo tu. Mimi nilijua kuwa jana yake baba alimkatia kichwa cha kibua kwa mkono wake na kumwambia, "Kula, Sultani, kesho tutapata changu." Lakini mtoto haulizwi.

Mjumbe akawauliza mmoja mmoja. Fundi cherehani alisema paka huyo anamfahamu kwa sura. Baba wa nyumba ya kona alisema watoto ni watoto, wanaweza kumpa jina hata mjusi. Zamu ya bibi wa vitumbua ilipofika, sauti yake ilitoka nyuma ya pazia: "Mimi mjane, mwanangu. Nifuge paka kwa kipi?"

Ndipo mjumbe akamgeukia ustadhi wa madrasa yetu, kijana mwembamba aliyekuwa akinywa kahawa bila kusema kitu. Namkumbuka kwa viboko vyake, lakini usiku ule alinifurahisha. Alianza na hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, akasema Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Akaleta na ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache akatafute riziki yake, akaingia motoni kwa ajili yake. Baba akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Lakini," ustadhi akasema, na kikombe akakiweka chini, "hayo ni ya paka. Ya mwenye paka ni mengine."

Akaeleza kwamba katika madhehebu yetu ya Kishafii, kama alivyoandika Imam Nawawi, paka akiharibu ndege au chakula cha watu, na tabia hiyo ikawa inajulikana kwake, mwenyewe hulipa. Ng'ombe na mbuzi wana hesabu yao ya usiku na mchana, kwa kuwa mchana mwenye shamba hulinda shamba lake na usiku mwenye mifugo hulinda mifugo yake. Paka hana hesabu hiyo. Ni usiku na mchana. Na kama tabia haikujulikana, hakuna malipo.

"Kwa hiyo yapo maswali mawili," mjumbe akasema. "Ni wa nani, na ilijulikana?"

Kimya. Chemli ilikuwa ikitoa moshi upande mmoja, nikapunguza utambi kupata la kufanya.

Mjumbe alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi naamini alijua alichokuwa akikifanya. Alifunga daftari. "Sawa. Paka hana mwenyewe. Asiye na mwenyewe hana wa kumlipia. Kesho vijana wamtie kwenye gunia, wampakie kwenye basi, wakamwachie Pongwe."

"Pongwe?" Fundi cherehani aliinuka nusu. "Mjumbe, subiri. Pongwe? Na vitambaa vya watu? Juzi buku wametafuna kanzu ya mteja kwapani, bado kidogo nilipe. Kibutu akiondoka, Idd hii mtavaa magunia."

"Kibutu ni nani?" akauliza mjumbe.

Fundi akakaa.

Nyuma ya pazia bibi wa vitumbua naye alikuwa amekwisha kusahau ujane wake. Mchele wake wa kulowekwa, alisema, haukai usiku mmoja bila Mjukuu. Mtu akimgusa atakwenda naye huko Pongwe kwa miguu. Baba wa nyumba ya kona akasema, kwa sauti ya chini, kwamba watoto watalia. Baba peke yake alibaki akitazama barabarani.

"Basi wenyewe wamepatikana," mjumbe akasema akifungua daftari. "Bado la pili. Tabia ilijulikana?"

Babu Njiwa akasema kabla ya mvua alipoteza kinda, na alimwona paka akishuka nguzo na manyoya mdomoni. Hakushtaki. Alimwambia jirani yake kistaarabu.

"Mimi hukuniambia," baba akasema upesi, na kwa mara ya kwanza usiku ule alikuwa akisema kweli tupu.

"Sikukuambia wewe. Nilimwambia shemeji, kisimani."

Wote walitazama pazia. Lilikuwa pazia la maua mekundu, limeshonwa kiraka pembeni. Halikutikisika. Nilijua mama yuko nyuma yake, na nilimjua mama yangu: ni mtu ambaye muuza duka akimzidishia chenji, anarudi na mvua.

"Aliniambia," sauti ya mama ikasema. "Na mimi nimefunga."

Baba aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa uzi kwenye jamvi. Ustadhi alijifanya anatafuta kashata. Nyumbani usiku ule daku ililiwa bila mazungumzo, na jambo hilo halikutajwa tena na mmoja wao mbele yetu, wala kwa utani.

Malipo yaligawanywa kwa nyumba zilizompa paka jina. Babu Njiwa alikataa pesa taslimu. Alitaka banda lisalimike. Kwa hiyo zilinunuliwa yadi kadhaa za wavu wa kuku, na fundi bati wa gereji alileta madebe ya mafuta ya kula aliyoyapasua na kuyagonga yakanyooka. Kila nguzo ilivishwa bati kuanzia usawa wa magoti ya mtu hadi juu ya kichwa chake. Bati la debe ni laini na linateleza. Kucha hazipati pa kushika. Ilipokwisha, watu walikaa kusubiri. Sultani alikuja alasiri, akazunguka nguzo, akapima, akaruka. Alipata bati, akaparua mara mbili kwa sauti iliyotusisimua meno, akateremka kwa tumbo. Watoto tulishangilia. Alikwenda kukaa mbali, akajilamba bega, akijifanya hakuja kwa ajili hiyo.

Ingeishia hapo kama siyo jua. Baada ya Idd mvua zilipumzika, na mtaa mzima ukaanika. Mama alitundika shuka, bibi wa vitumbua akatandaza mchele wake uani juu ya mkeka. Njiwa wale, waliokuwa sasa wamelala usiku mwingi bila hofu na wamenenepa, walishuka kama waliotumiwa barua. Mchele ulipungua robo. Shuka la mama, lile jeupe la wageni, likapata madoa ya kijani kutoka pindo hadi pindo.

Mama hakulifua. Alilikunja lilivyo, akamchukua bibi wa vitumbua, wakaenda kwa mjumbe. Nilikwenda nyuma yao bila kutumwa. Babu Njiwa aliitwa, akaja na kopo lake la mtama mkononi. Mama alilifungua shuka mbele yake. Alikuwa amejiandaa: alikuwa na swali la ustadhi, alikuwa na usiku na mchana, alikuwa na tabia inayojulikana.

"Mzee," mjumbe akaanza, "hawa njiwa ni wa—"

"Wangu," Babu Njiwa akasema. "Wote wangu. Mchele kilo ngapi?"

Mama alibaki na shuka mikononi. Bibi wa vitumbua alitaja kilo, na mzee akatoa noti mfukoni mwa koti, akaongeza ya sabuni, akasalimu, akaondoka.

Tuliporudi, baba alikuwa barazani, Sultani yupo kwenye kile kiti cha kamba. Alitaka kujua mzee amelipa kiasi gani. Mama alipomtajia, baba alitafakari, kisha akasema bibi wa vitumbua amempunja yule mzee, robo ya mkeka haifiki kilo mbili.