Santuri za 45 za Nairobi: anza na mwisho wa upande B

Muuzaji akitaka ununue santuri ya 45, yaani ile ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika, atashusha sindano mwanzoni mwa upande A. Mwache, sikiliza kidogo, halafu mwombe aigeuze na aanzie dakika ya mwisho ya upande B. Bei mtaongea baada ya hapo.

Sababu yake iko kwenye mpangilio wa nyimbo zenyewe. Santuri ya inchi 7 hubeba dakika nne hadi tano hivi kila upande, na wimbo wa dansi, rumba au benga haukukubali kuishia hapo. Kwa hiyo ulikatwa katikati: Sehemu ya 1 ikabeba utangulizi na beti, Sehemu ya 2 ikabeba chemko, au sebene kama wanavyosema Wakongo, pale magitaa yanapoanza kujibizana na bendi nzima kupanda. Sasa angalia michirizi, ile mifereji myembamba ambamo sindano hupita. Santuri huzunguka kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini duara linazidi kupungua. Ukingoni sindano hupita karibu sentimita 40 za mchirizi kila sekunde. Ikikaribia lebo inapita kama sentimita 25 tu. Sauti ileile imebanwa mahali padogo zaidi, na ncha ya sindano inashindwa kufuata kona zote. Yaani sehemu ya wimbo yenye kelele nyingi kuliko zote imeangukia sehemu dhaifu kuliko zote ya santuri. Ongeza kwamba upande huo ndio watu waliourudiarudia, wengi kwa mashine za santuri zenye mkono unaoikandamiza sindano kwa gramu tano na zaidi, mara nyingi kwa sindano iliyokwisha muda wake.

Uchakavu huo una sauti yake. Herufi "s" ya mwimbaji inageuka "sh", tarumbeta inapasuka, gitaa la solo linakwaruza kila linapopanda juu. Usimwamini anayekwambia ni vumbi. Vumbi na mikwaruzo midogo hutoa tik-tik zinazokuja na kuondoka bila kujali muziki. Mchirizi uliolika hukwaruza pamoja na muziki: sauti ikipanda nao unapanda, ikishuka unanyamaza. Tik-tik nyingi zinasafishika au zinavumilika. Ule mkwaruzo wa pili haurudi nyuma kwa maji wala kwa sabuni.

Kama hakuna mashine ya kujaribia, tumia macho. Inamishe santuri chini ya jua au tochi ya simu, mwanga utokee ubavuni. Plastiki isiyolika ina mng'ao mweusi. Iliyolika ina utando wa kijivu, hasa kuelekea katikati. Mikwaruzo ya juu juu inayoonekana vibaya mara nyingi haisikiki kabisa, wakati mkwaruzo mmoja unaokatiza michirizi na unaokwama ukiupitishia ukucha utagonga kila mzunguko, na pengine kurusha sindano. Angalia pia tundu la katikati. Likiwa limetobolewa kando kwa nusu milimita tu, karibu na lebo sauti itapanda na kushuka kwa takriban asilimia moja kila mzunguko, na noti ndefu ya gitaa itayumba. Shusha sindano utazame mkono: ukiyumba kushoto na kulia, tundu liko kando, ukipanda na kushuka, santuri imepinda. Tundu kubwa la milimita 38 lina tiba rahisi, kwa sababu adapta, kile kipande cha kujazia tundu, ikiwa na nafasi kidogo unaweza kuisogeza santuri kwa kidole hadi mkono utulie. Tundu dogo likiwa kando, wako wanaolipanua kwa tupa. Ukishalipanua hakuna kurudi, kwa hiyo mimi ningefanya hivyo tu kwa santuri ambayo hata muuzaji mwenye tamaa ameikatia tamaa.

Kuhusu mahali pa kuzitafuta, Nairobi ndiyo mama wa biashara hii. Bendi nyingi za Tanganyika na baadaye Tanzania zilirekodi Dar es Salaam, lakini santuri zikachapwa Nairobi. Ndiyo maana unakuta bendi ya Dar kwenye lebo ya Polydor au Philips yenye maneno ya Kenya. Mtaa wa River Road ulikuwa kitovu, na Melodica ya Tom Mboya Street ilikuwa duka na lebo kwa pamoja. Siku hizi Soko la Kenyatta lina kibanda cha santuri kinachojulikana na wakusanyaji wa mbali. Kwingine kote ni bahati: mitumba, mirathi, makabati ya baa zilizofungwa. Majalada usiyatarajie. Nyingi za 45 ziliuzwa katika bahasha ya karatasi yenye tundu, jina la bendi likionekana kwenye lebo tu, kwa hiyo lebo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Soma namba iliyochapwa kwenye lebo, kisha uilinganishe na namba iliyochorwa kwenye plastiki, pale panapobaki tupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Zisipolingana, huenda lebo imebandikwa kwenye wimbo mwingine. Mambo hayo yapo.

Tukija kwenye mashine, hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mashine za mitumba kutoka Marekani ni za volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230 au 240 na hezi 50. Fundi atakuuzia transfoma ya kushusha volti na mashine itawaka bila moshi. Lakini transfoma hushusha volti, haibadilishi hezi. Mashine kuu kuu nyingi za mkanda, yaani zile ambazo sinia linalobeba santuri huzungushwa kwa mkanda wa mpira, zina mota inayofuata hezi za umeme, na mota hiyo ikiletwa huku inazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake: badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika unapata kama 27.8, na 45 inakuwa 37.5. Mwimbaji anasikika amelewa. Dawa ni kubadilisha puli ya mota (kigurudumu kinachovuta mkanda) kwa puli ya hezi 50, ambayo kipenyo chake ni kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Baadhi ya watengenezaji walitoa zote mbili. Isipopatikana, mchongaji wa chuma mwenye mashine ndogo anaweza kukuchongea ukimpa ya zamani na vipimo. Mashine zenye mota ya umeme wa DC, au zile ambazo sinia lake linazungushwa na mota moja kwa moja na kudhibitiwa na fuwele ya kwatsi, hazina ugonjwa huo. Zinataka volti sahihi tu. Kabla ya kulipa, geuza mashine usome kibati cha chini. Kimeandikwa 120V 60Hz na ndani kuna mkanda? Uliza habari za puli kwanza.

Kasi unaipima kwa karatasi. Chapisha duara lenye mistari 180 iliyopangwa sawa, liweke juu ya sinia, mulika kwa taa inayopepesa kwa umeme wa hezi 50. Kwa 33 na theluthi mistari itaonekana imesimama. Ikitembea kuelekea upande wa mzunguko, mashine ina haraka. Ikirudi nyuma, inachelewa. Balbu nyingi za LED za siku hizi hazipepesi vya kutosha, tafuta ya zamani.

Vimashine vya mkobani vinavyouzwa kwa wingi mitandaoni sivipendi. Mkono wake ni mzito, huwezi kuurekebisha, na sinia ni dogo kiasi kwamba santuri kubwa inaning'inia pembeni. Kwa pesa inayokaribia hiyo, mashine ya mitumba yenye uzito wa kurekebishwa nyuma ya mkono ni bora mara nyingi.

Kupima uzito wa sindano ni kazi ya dakika kumi. Weka kirekebishi cha kuzuia mkono usivutwe ndani kwenye sifuri. Vua kifuniko cha sindano. Zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe ukiwa sambamba na sinia, haupandi wala haushuki. Shika uzito usizunguke, geuza pete yenye namba pekee hadi isome sifuri. Sasa zungusha vyote pamoja hadi namba ya katriji yako, kile kichwa kinachobeba sindano: Audio-Technica AT3600L inataka gramu 3 hivi, AT-VM95E gramu 2, Ortofon 2M Red gramu 1.8. Kisha rudisha kile kirekebishi kwenye namba hiyohiyo. Pete za mashine kuu kuu hudanganya, kwa hiyo mizani ndogo ya kidijitali kama wanayotumia masonara inafaa kununuliwa. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Kinyume chake, sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mchirizi na kugonga kuta, na hapo ndipo plastiki inapochanika. Ukiwa kati ya namba mbili, chagua ya juu.

Kwa 45 za miaka ya 60 na 70 napendekeza ncha ya duara, siyo ile ya yai. Ncha ya yai inafika ndani zaidi na inasoma kona vizuri, lakini kwenye mchirizi uliosagwa inasoma na uchafu wote. Jambo la pili: nyingi ya santuri hizo ni mono, yaani sauti moja ileile kushoto na kulia. Katriji ya stirio inasoma mwendo wa kulia na kushoto, ambao ndio muziki, na pia wa juu na chini, ambao kwenye mono ni kelele tupu. Bonyeza kitufe cha Mono kwenye amplifaya, au unganisha kushoto na kulia kwa waya wa matawi mawili, na sehemu kubwa ya mchakacho inatoweka papo hapo. Hakuna usafi unaoshinda kitufe hicho.

Waya wa mashine uingie kwenye tundu lililoandikwa Phono. Katriji ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na sauti yake inahitaji kusawazishwa: wakati wa kuchonga santuri besi ilipunguzwa na sauti nyembamba zikaongezwa, sasa lazima zirudishwe. Ukichomeka kwenye Aux utapata sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi. Mashine mpya nyingi zina swichi ya Phono na Line kwa nyuma. Ukiweka Line kisha ukachomeka kwenye Phono, sauti inakuzwa mara mbili na kupasuka. Mngurumo usioisha? Kile kiwaya chembamba cha ardhi hakijafungwa kwenye skrubu ya amplifaya.

Kusafisha hakuhitaji vitu vya ughaibuni. Maji ya betri, yale safi ya kuongezea yanayouzwa vituo vya mafuta, hayana chumvi na hayaachi madoa. Soma chupa mara mbili, maana jirani yake kwenye rafu ni asidi. Changanya mililita 750 za maji hayo na 250 za alkoholi ya isopropili ya duka la dawa, tone mbili za sabuni ya vyombo. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki cha saizi yake, kwani karatasi ya lebo za Nairobi inachuja rangi haraka. Tumia brashi ya nywele laini, fuata michirizi kwa kuzunguka, usikatize. Acha dakika moja, futa kwa kitambaa cha nyuzi ndogo, kisha rudia kwa maji ya betri peke yake, maana sabuni iliyobaki itaganda kwenye sindano. Ikaushe ikiwa imesimama. Spiriti ya rangi ya zambarau usiiguse, ina rangi na vitu vingine vinavyobaki kwenye mchirizi.

Na hata hiyo alkoholi safi ni marufuku kabisa kwa santuri za 78. Zile nzito zinazovunjika zikianguka ni za gamu inayoitwa shelaki, na alkoholi inaiyeyusha. Humo ndimo alimo Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928. Zioshe kwa maji ya betri na tone la sabuni, haraka, kisha uzikaushe. Mchirizi wake ni mpana mara kadhaa: ncha ya kawaida ya maikroni 18 hivi (maikroni elfu ni milimita moja) inazama hadi chini na kuokota mchanga tu, unahitaji ya maikroni 76 au karibu na hapo. Kinyume chake pia ni kweli, gramafoni ya kukoroga yenye sindano ya chuma itailima santuri ya plastiki mara moja tu.

Kuhifadhi: zisimame wima, zisiegemee, zisirundikwe. Santuri kubwa mia moja pamoja na majalada ni zaidi ya kilo 20, kwa hiyo rafu ya mbao laini itapinda ndani ya mwaka. Mombasa, Tanga na Unguja adui ni ukungu. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya rafu na ukuta, na bahasha za karatasi zilizokwisha kuota madoa zitupe, usizirudishie santuri uliyoisafisha. Bara adui ni mchwa, ambao hawali plastiki lakini watamaliza majalada na lebo, kwa hiyo miguu ya rafu iwe ya chuma. Bahasha za ndani zichukue za plastiki laini ya polithini. Zile ngumu za PVC zinazonukia huacha utando mweupe unaosikika kama upepo na hautoki kwa kuoshwa.